Usambara Inaanzia Wapi?

Pale stendi ya Mombo, mabasi ya Arusha na Dar es Salaam yanaposimama na wauza peasi na karoti wakagombea madirisha, nilimuuliza mpiga debe kama hapa ndiyo Usambara. Akacheka. Usambara ni kule, akasema, akielekeza kidole kwenye ukuta wa mlima. Huku ni Mombo tu. Mwenyewe ni Msambaa kwa baba na kwa mama, na amezaliwa hapohapo. Kwa hesabu yake mtu anaweza kuwa Msambaa ugenini kama Mchaga alivyo Mchaga Kariakoo, ila ugeni wake yeye umeanzia chini ya mteremko mmoja.

Mombo haifiki mita 500 juu ya usawa wa bahari. Lushoto ni kama mita 1,400. Katikati kuna barabara nyembamba ya kona kali, isiyofika kilomita 40. Mwanzoni shati linaganda mgongoni, mwishoni unatafuta sweta. Soni, penye maporomoko, nilimkuta mama akipanga viazi mviringo kwa mafungu, naye akanipa mpaka wake bila kusita: Usambara inaanzia pale mgomba unapozaa kwa mvua ya Mungu, bila kumwagiliwa. Chini ya hapo ni nyika, na nyika hata ukiilima inabaki nyika. Je, Soni yenyewe? Hapa ni mlangoni, akasema. Mwenzake wa meza ya pili akadakia kwamba mlango uko Vuga, kwenye makaburi ya wafalme, na Soni ni mahali pa kushukia gari. Niliwaacha wakibishana, mmoja kwa Kisambaa, mwingine akichanganya na Kiswahili ili nisikose kitu.

Mpaka huu wa mgomba ni wa zamani. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyekaa na Wasambaa miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake kuhusu ufalme wao mwaka 1974, aliukuta ukitumika hivyohivyo: juu ni Shambaai, nchi ya baridi, mvua na migomba, chini ni nyika, nchi ya jua, wanyama na homa. Alionesha pia kwamba vijiji vingi vikubwa vilijengwa karibu na ukingo wa mlima, wala si katikati yake. Ni akili ya mkulima. Anayekaa ukingoni ana shamba juu na shamba chini. Mvua ikikosea huku, huenda kule ikapatia. Hata hadithi ya Mbegha, mwanzilishi wa utawala wa Wakilindi, imesimama kwenye ukingo huo. Mbegha alitoka Ngulu, mwindaji wa nguruwe mwitu, na wenyeji wa mlimani walimpokea kwa sababu aliwapa nyama nao wakampa chakula cha shambani. Abdallah bin Hemedi, aliyeandika Habari za Wakilindi kwa Kiswahili katika karne ya 19, anayasimulia haya kwa urefu. Ufalme wenyewe, basi, ulianza na mtu wa nyika aliyepanda.

Mpaka wa mgomba naupenda, ila una matundu. Simama Irente, nje kidogo ya mji wa Lushoto, jabali linapokatika ghafla: chini kabisa unaona mistari ya mkonge upande wa Mazinde, na tambarare inayotanda hadi macho yachoke. Kwa mama wa Soni, yote hayo ni nje. Lakini Mazinde hiyohiyo ndiko alikokaa Semboja, mwana wa mfalme Kimweri ye Nyumbai. Baba alitawala kutoka Vuga, mji wa milimani ambao mmisionari Krapf aliufikia mwaka 1848. Mwana alishuka chini kwenye njia ya misafara, penye biashara na bunduki. Kimweri alipofariki mwaka 1862 na warithi kuanza kupigana, nguvu ilikuwa kwa wa chini. Mzee mmoja wa Mazinde aliniambia kwa ukali kidogo: mnasema hapa si Usambara, mbona aliyeitikisa Usambara alikuwa akilala hapa? Sikuwa na jibu.

Serikali nayo ina mistari yake. Mombo na Mazinde ziko Wilaya ya Korogwe. Soni na Vuga ziko Halmashauri ya Bumbuli, iliyomegwa kutoka ya Lushoto, ingawa wilaya imebaki moja. Kuna hata kata iitwayo Usambara, nayo iko Bumbuli, kwa hiyo mkazi wa Lushoto mjini, kwa karatasi, hakai Usambara. Nenda kaskazini, upite Mlalo, uteremke upande wa pili hadi Mnazi na Lunguza: nyika tupu, joto kama Mombo, lakini hiyo ni Lushoto. Huko mtu akisema anakwenda wilayani maana yake anapanda mlima. Mto Umba unaotiririka upande huo ulitajwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, walipouchukua mlango wake baharini kuwa mwanzo wa mstari wa kugawana nchi. Maji ya Wasambaa yakawa mpaka wa watu wengine.

Wambugu sitawamaliza kwa aya moja. Wako juu kabisa, sehemu za Magamba na Rangwi, wafugaji tangu zamani, na lugha yao imewasumbua wataalamu kwa miongo. Wao wako ndani ya kila mpaka niliotajiwa, na bado si Wasambaa.

Ugomvi hasa uko mashariki. Bonde la mto Lwengera linaikata milima vipande viwili, na ramani zinaandika Usambara Magharibi na Usambara Mashariki kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Wajerumani walilipenda jina: reli yao kutoka Tanga, iliyofika Mombo mwaka 1905 na Moshi miaka michache baadaye, waliiita ya Usambara, nayo haikupanda mlima hata kidogo. Ua dogo la zambarau alilolituma Ulaya Walter von Saint Paul-Illaire mwaka 1892, kutoka upande wa Tanga, Wajerumani wanaliita la Usambara mpaka leo. Amani, walikojenga taasisi ya utafiti wa kilimo mwaka 1902, ikaingizwa humohumo.

Ndani ya gari la Muheza kwenda Amani nikalichokoza swali hilo la jina. Kijana mmoja Msambaa akasema Amani ni Usambara, vibao vya hifadhi vinasema. Babu wa Kibondei aliyekaa mbele akageuka mzima mzima. Vibao vimewekwa na watu wa misitu, mjukuu wangu. Wabondei waliinuka wakawafukuza Wakilindi, ile vita ya Kiva ya miaka ya 1860, na nchi iliyomfukuza mfalme haiitwi kwa jina la mfalme. Kijana akauliza, kwa heshima zote, je, chai ya Amani inalimwa bondeni? Babu akasema mlima ni mlima, haujawa Msambaa kwa kuwa na baridi. Dada mwenye mtoto mgongoni akataka kuwapatanisha: sisi sote ni Boshazi, Mbondei, Msambaa na Mzigua, baba mmoja. Wakanyamaza kidogo. Dereva, Mdigo, akauliza kwenye hiyo Boshazi yeye wamemweka herufi gani, wakamjibu watatu kwa mpigo, kila mmoja na lake.