Kuogelea kwa Stara Katikati ya London

Sisi watu wa mwambao tumezoea kuamini kwamba kuogelea ni jambo la bahari. Safari yetu ya kifamilia mjini London, wakati wa likizo ya kiangazi, ilituonesha sura nyingine: watu wa rika zote wakiogelea katika maziwa yaliyomo ndani ya bustani za jiji. Hakuna chumvi wala mawimbi, hakuna kupwa wala kujaa. Kuna maji baridi, bata na vivuli vya miti.

Maarufu zaidi ni ziwa Serpentine, lililomo ndani ya Hyde Park. Si ziwa la asili. Mnamo mwaka 1730, kwa agizo la Malkia Caroline, mke wa Mfalme George wa Pili, mto Westbourne ulizuiliwa na maji yake yakatanda. Chama cha waogeleaji wa hapo kiliasisiwa mwaka 1864, na mwaka 1930 George Lansbury, aliyekuwa waziri serikalini, alifungua sehemu maalumu ya kuogelea ili watu wa kawaida na familia zao wapate burudani. Katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2012, waogeleaji wa masafa marefu walishindania medali katika maji hayo hayo.

Hata hivyo, Serpentine ni mahali pa mchanganyiko wa wanaume na wanawake, na kila mmoja huvaa apendavyo. Kwa hiyo tulitembea kandokando ya ziwa, tukapumzika, kisha tukaelekea kaskazini. Njiani tuliswali Adhuhuri katika msikiti mkubwa wa Regent's Park, wenye kuba la rangi ya dhahabu. Siku za kiangazi huko ni ndefu mno; Magharibi huingia baada ya saa tatu usiku, hivyo msafiri hupata nafasi ya kutosha baina ya swala na swala.

Tulikokuwa tukienda ni Hampstead Heath, uwanda mpana wenye vilima, misitu na mabwawa. Mabwawa hayo yalichimbwa zamani ili kulipatia jiji maji ya matumizi. Leo matatu kati yake ni ya kuogelea: moja la wanaume, lililofunguliwa kwa umma mwaka 1893, moja la wanawake, lililoanza miaka ya 1920, na jingine la wote. Bwawa la wanawake limezungukwa na miti na vichaka, na mpita njia haoni yaliyomo ndani.

Hapo tuliagana. Kina mama na mabinti walishika njia yao wakiwa na mavazi ya stara ya kuogelea. Kina baba na vijana wa kiume, wenye kaptula zilizovuka magoti, walishika yao. Mtoto wetu wa miaka sita alibaki na bibi yake nyasini, kwa kuwa walio chini ya miaka minane hawaruhusiwi kuogelea humo.

Maji hayo hayana mzaha. Kina chake ni kirefu, na ubaridi wake humkata pumzi ghafla asiyeuzoea. Muogeleaji hushuka ngazi taratibu, hutulia mpaka pumzi irudi, ndipo huanza kupiga mikono. Waokoaji hukaa ukingoni wakiangaza macho, na asiyejua kuogelea hana nafasi hapo.

Ndugu msomaji, jambo hili lilitugusa kwa sababu ya nyumbani kwetu. Mwezi Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama ikielekea Pemba, na Julai 2012 ikafuata MV Skagit. Hatusemi kwamba kuogelea peke yake kungewaokoa waliofariki. Ajali za baharini zina sababu nyingi, na ajali ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Lakini ni binti wangapi wa visiwani na mwambao hukua wakiyatazama maji kila siku, na wasijue hata kuelea? Mara nyingi sababu inayotajwa ni stara, ilhali dini yetu haikuyatenganisha mambo hayo mawili. Katika hadithi iliyopokewa na Imamu An-Nasai, kujifunza kuogelea kumehesabiwa miongoni mwa mambo manne yasiyokuwa upuuzi.

Tulichokiona Hampstead hakihitaji utajiri mkubwa: ni mahali palipositirika, zamu inayojulikana, na mwanamke mjuzi wa kufundisha na kuokoa. Misikiti, madrasa na kamati za wazazi katika miji yetu ya pwani zinaweza kulipangia jambo hili siku moja tu ya juma, mabinti wakapata elimu hiyo bila kuvunjiwa heshima yao.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia majini, na azihifadhi safari zetu. Amin.