Ngoma, Pembe na Mwaka 1861

Nkwenda, Jumamosi, 8 Juni 2024

Ripoti ya utafiti nimeikabidhi. Nilidhani leo nitalala mchana kutwa, lakini akili bado imo kazini, kwa hiyo naandika yale ambayo ripoti haikuwa na nafasi nayo.

Swali langu lilikuwa moja: Omukama (mfalme) Rumanyika wa Karagwe alikipataje kiti cha baba yake Ndagara, na habari hiyo imetufikia kwa njia gani? Mwanzoni nilitaka historia yote ya Wanyambo, watu wa Karagwe. Msimamizi akanirudisha: “Historia yote Katoke ameitolea kitabu kizima mwaka 1975. Wewe shika jambo moja, ulifuate mpaka liishe.” Ushauri huo ndio ulionivusha. Kusoma Chuo Kikuu Huria huku unafundisha darasa la sita ni kusoma usiku, peke yako, bila mwenzako wa kumuuliza. Swali kubwa lingenimeza. Hili dogo nililimudu, na nilipolichimba nikaikuta Karagwe nzima ndani yake.

Jumamosi, 15 Juni

Nimezisoma tena sura za Karagwe katika kitabu cha mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke kilichochapwa 1863. Alifika kwa Rumanyika Novemba 1861 pamoja na mwenzake wa safari, James Grant. Januari 1862 akaendelea Buganda, Grant akabaki nyuma kwa ugonjwa wa mguu. Ziwa lililokuwa chini ya ikulu wakalibandika jina la ziwa la kwao Uingereza, Windermere.

Tangu nikiwa mwanafunzi nasikia kwamba ya wazee ni hadithi, na historia ni ile iliyoandikwa. Sasa nina hoja ya kulijibu neno hilo. Speke hakuwapo Ndagara alipofariki. Habari ya ngoma alisimuliwa: ili kumpata mrithi, ndugu watatu waliwekewa ngoma ndogo, nyepesi kwa umbo lakini nzito kwa dawa, na Rumanyika peke yake ndiye aliyeinyanyua, tena kwa kidole kidogo. Habari hiyo ilitoka ikulu kwa mshindi. Rogero, ndugu aliyeshindwa na kuingia vitani, hatumsikii.

Tena ilipita vinywa vingapi? Rumanyika aliwapokea wageni kwa Kiswahili kizuri, Speke mwenyewe anashuhudia, na si ajabu, kwa kuwa wafanyabiashara wa pwani walikwisha kuweka kituo Kafuro. Lakini kwa mazungumzo marefu Speke alitegemea wakalimani, na mmoja wao alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeelewana naye kwa Kihindustani. Mengi yaliyosemwa Bweranyange, penye ikulu, yalipita lugha kadhaa ndipo yakaandikwa kwa Kiingereza. Basi kitabu hicho nacho ni masimulizi. Kinachoyazidi ya wazee wangu ni kuandikwa mapema na kuwekewa tarehe. Hilo si jambo dogo, ila halikifanyi kuwa shahidi wa macho.

Jumapili, 23 Juni

Ndani ya kitabu hichohicho mna maelezo mengine. Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kaze, Tabora ya leo, alitoa pembe za ndovu ili Rumanyika apate msaada wa Buganda dhidi ya Rogero. Kwa hiyo zipo sababu mbili, ngoma na pembe. Wasomi wengi wangechagua ya pili na kuiacha ya kwanza iwe pambo.

Nilimweleza mzee mmoja wa Bweranyange habari ya pembe. Hakushtuka. “Mwalimu,” akasema, “ngoma inamjua mwenyewe. Lakini hata anayejulikana na ngoma anahitaji watu wa kumsindikiza.” Sentensi hiyo nimeiweka katika sura ya mwisho ya ripoti, na naamini ndiyo yenye uzito kuliko zote. Pembe zinaeleza jinsi Rogero alivyoshindwa. Ngoma inaeleza kwa nini watu walikubali kutawaliwa na aliyeshinda. Ni maswali mawili, na kila moja lina jibu lake.

Jumapili, 30 Juni

Vibali vilichukua muda mrefu kuliko mahojiano: barua ya chuo, ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya, Mtendaji wa Kata, mwenyekiti wa kijiji. Safari hiyo nimeipita mara mbili, maana tangu 2012 Kyerwa ni wilaya ya peke yake, ilhali ufalme ninaouuliza ulitawala kotekote, Bweranyange hadi chemchemi za maji moto za Mtagata alikofika mpelelezi mwingine, Stanley, mwaka 1876.

Upande wa Kaisho bibi mmoja alinifungulia mlango ambao sikuwa nimeubisha. Nilimsomea mahali Speke anapoeleza jinsi alivyompima shemeji wa mfalme, mkono, kifua na paja, kwa kuwa wake wa ikulu walinenepeshwa kwa maziwa. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: “Mjukuu wangu, huyo mgeni aliuliza nani alikamua? Maziwa ya kumnenepesha mke mmoja yalitoka nyumba ngapi?” Katika sura zile hakuna jibu. Swali hilo linafaa utafiti mwingine: ng'ombe, kazi na wanawake wa Karagwe kabla ya sotoka ya miaka ya 1890.

Nkwenda, Jumapili, 7 Julai

Kahawa imeanikwa uani, na wanafunzi wangu wengi wapo mashambani wakisaidia kuchuma. Nimepata nafasi ya kukaa na jambo linalonisumbua. Ripoti imeandikwa kwa Kiingereza, kama taratibu zinavyotaka, na hakuna hata mmoja wa walionipa maneno yao anayeweza kuisoma. Sitaki wawe kama Rogero, watu wanaoandikwa bila kusikika.

Nimeamua kuiandika upya kwa Kiswahili, fupi, na majina ya Kinyambo nikiyahakiki katika msamiati wa Josephat Rugemalira wa mwaka 2002. Nakala moja itakaa shuleni. Kesho naanza na sura ya ngoma na pembe. Bweranyange ndiko nitakakoisoma kwanza, na kila atakayenipinga nitaliandika pingamizi lake kando ya maelezo yangu, pamoja na tarehe.