Kiwanda cha Mkomani: Safari Mbili na Uso wa Mwali



Tulitoka Mombasa baada ya sala ya alfajiri, mwanzoni mwa mwezi wa Rajabu. Basi lilipita Kilifi na Malindi, likaingia Garsen, likaiacha Witu nyuma, na alasiri ikatukuta Mokowe, ambako barabara huishia na safari iliyobaki huwa ya maji. Tulikuwa watatu: sisi dada wawili, pamoja na binti wa kaka yetu, ambaye harusi yake ilikuwa imewekwa Mfungo Mosi. Bwana harusi ni kijana wa Lamu, na kwao ndiko sherehe ingefanyika. Basi tulikuwa twaenda kumpeleka mwali kwa somo wake, bibi mmoja wa mtaa wa Mkomani, ili amjue na aanze kumtayarisha.

Mkobani mwa binti yetu mlikuwa na kopo dogo jeupe. Halikuwa na jina la mtengenezaji, wala orodha ya vilivyomo, wala tarehe ya kuharibika. Alikuwa amelitumia kwa wiki tano. Wiki mbili tu baada ya kuanza, uso wake uling'aa na madoa ya chunusi yakafifia, hata kila aliyemwona akauliza siri yake. Nasi, shangazi zake, tulikuwa wa mwanzo kumsifu. Hilo tunalikiri hapa kwa sababu ndilo kosa lililotufanya tuandike makala haya.

Mwenye kuikaribia Lamu kwa boti huona kwanza safu ya nyumba za ufuoni, kisha punda, kisha vichochoro vyembamba vilivyoutia mji katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Vichochoro hivyo ni rehema kwa ngozi. Kuta za mawe ya matumbawe ni ndefu, na njia ni finyu kiasi kwamba jua haligusi ardhi ila kwa muda mfupi. Wazee walijenga kwa ajili ya sitara na upepo, lakini walijenga kivuli pia, na kivuli ni nusu ya matunzo ya uso. Nusu hiyo hapati yule anayepaka dawa ya madoa usiku na kusimama juani mchana kutwa bila kinga, kwani jua huyarudisha madoa yale yale anayoyafukuza.

Bibi alitupokea dakani, akaitikia shikamoo zetu, akatuingiza hadi kiwandani, ule uwanja wa ndani ulio wazi kwa mbingu. Katika zidaka za ukutani mlikuwa na vijichupa vya marashi ya waridi, na chini palikuwa na jiwe la kusagia liwa. Tulitarajia ataliomba lile kopo alitazame. Hakuliomba. Wakati wa alasiri ulikuwa umeingia, akamwambia mwali atawadhe.

Binti alipofikia kuosha uso, alikunja kope na kuuma mdomo. Bibi alimtazama kimya mpaka akamaliza miguu. Kisha akasema kwa Kiamu chake, "Mwanangu, mai yamekwambia."

Ikadhihirika kwamba maji ya udhu yalikuwa yakimuwasha kwa wiki mbili, naye alikuwa akificha. Ngozi nzima haiogopi maji safi. Ikianza kuyaogopa, ni dalili kwamba ukuta wake wa nje umedhoofika, hata kama kwa macho inapendeza. Muumini ana kipimo hiki mara tano kwa siku, bila gharama.

Baada ya sala, bibi akamfunulia mkono na kutuonyesha upande wa ndani, juu ya kiwiko, mahali pasipopigwa na jua. "Rangi yake ni hii," akasema. Akauweka mkono ule karibu na shavu. Shavu lilikuwa jeupe kuliko mkono. Akatugeuzia viganja tuone viungo vya vidole, navyo vilikuwa vimebaki na weusi wake, tofauti kabisa na uso. Matunzo mema humrudisha mtu katika rangi yake mwenyewe, ikiwa sawasawa na tulivu. Kinachompitisha hapo kinamvua kitu. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na kopo lile lilikuwa mkakasi wa zama zetu.

Tuliporudi Mombasa tulimpeleka kwa daktari wa ngozi. Alituambia kwamba dalili zile ni za krimu yenye steroidi kali: hung'arisha haraka, kisha huifanya ngozi kuwa nyembamba, ikatoa chunusi na kuonyesha mishipa midogo ya damu. Akatuonya kuhusu mengine yanayofichwa katika makopo ya aina hiyo. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu bila uangalizi inaweza kuleta weusi wa kibuluu ulio mgumu kuondoka. Zebaki hudhuru figo, na kwa mjamzito humfikia mtoto tumboni. Ndiyo maana Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliziweka krimu na sabuni za kung'arisha zenye zebaki miongoni mwa bidhaa za kukomeshwa. Akasisitiza pia kwamba aliyezoea steroidi asiiache ghafla bila ushauri wa daktari.

Basi binti aliachishwa kwa taratibu, akapewa mambo matatu tu: sabuni laini isiyo na manukato, mafuta mazito ya kulainisha, na krimu ya kukinga jua. Tukapewa na sisi kazi ya kupima. Picha moja kila wiki, asubuhi, dirisha lile lile, uso bila poda. Kisiongezwe kitu kipya kabla cha kwanza hakijajulikana, maana ukianza vitano kwa pamoja hutajua kipi kilichofaa na kipi kilichodhuru. Na hukumu ingojee wiki nane hadi kumi na mbili, kwa kuwa ngozi ya juu ya kijana hujifanya upya kwa muda wa karibu mwezi mmoja, na kadiri umri unavyosonga ndivyo muda huo unavyorefuka.

Wiki ya tatu ilikuwa ngumu. Uso ulijaa wekundu na vipele, na binti akalia akisema tumemharibia harusi. Usiku mmoja tulimkuta amelishika lile kopo mkononi. Hatukumgombeza, kwani sisi ndio tuliomfundisha kwa sifa zetu kwamba kung'aa ndiko kupona. Tulikaa naye, tukafungua picha, tukamuuliza swali moja: je, maji bado yanawasha? Akafikiri, akasema yanawasha kidogo kuliko juzi. Kopo likatoka mkononi.

Wiki ya tano maji hayakuwasha tena. Ramadhani ilipofika katikati, wekundu ulikuwa umepungua, na picha mbili zikiwekwa pamoja tofauti ilionekana, ingawa katika kioo cha kila siku hakuna aliyeiona.

Safari ya pili tulifika Lamu tukiwa jamaa wengi, vyombo vya harusi vikitutangulia juu ya punda. Bibi alimwita mwali kiwandani pale pale, saa ile ile ya alasiri, akamwambia atawadhe. Binti aliosha uso mara tatu, akafuta macho, akatabasamu.

Hapo ndipo bibi aliposaga liwa. Hata hivyo alipaka kidogo tu nyuma ya sikio na ndani ya mkono, akasema tutazame siku mbili. Tulishangaa, maana liwa ni ya asili. Alitujibu kwamba katika miaka yake amewaona wali waliowashwa na liwa, na wengine waliopakwa ndimu wakatoka juani wakaungua. Na manjano, akasema akicheka, humpa mtu weupe wa siku moja unaoishia kwenye taulo.

Siku mbili zikapita salama, naye akasingwa mikono na miguu. Uso aliuacha kama ulivyo, mafuta kidogo tu. Usiku wa kupamba alama moja ya zamani ilikuwa bado ipo kwenye shavu la kushoto. Mpambaji alitaka kuizika kwa poda nzito, binti akamwomba aiache. Tulimtazama chini ya taa, shavu na mkono vikiwa rangi moja, na safari hii hatukuuliza siri.

Mwenye kopo lisilo na jina nyumbani, na alitazame leo, kisha amtazame bintiye anapotawadha. Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu na awape wanandoa wetu maelewano na baraka. Amin.