Mkopo Ulioachwa Thika

Kila mwisho wa mwezi droo ya shangazi ilikauka. Ilikuwa 2008, nami nilikuwa nikisubiri kujiunga na chuo, kwa hiyo nilimsaidia dukani kwake Mwingi, alikouza sukari na vocha, na kutoa huduma ya M-Pesa ya kutuma na kupokea pesa kwa simu. Mishahara ikishaingia Nairobi, akina mama walifika na simu mkononi wakitaka kutoa, kutoa tu. Floti, yaani salio la wakala, ilijaa kwenye simu ya shangazi, lakini noti hakuna. Binamu yangu, wakala katika soko la Gikomba, Nairobi, alilia kilio cha kinyume: noti tele, floti imekwisha, maana kule watu huweka ili watume. Basi nilitumwa benki kuleta noti, na nikirudi foleni imeshafika kwa kinyozi.

Wakati huo niliuona ni usumbufu wa duka. Miaka baadaye, nilipoajiriwa Nairobi kusimamia bidhaa za simu, ndipo nilipotambua kwamba droo ile ilikuwa imekauka kwa sababu mkakati ulifanikiwa. Tangazo la Safaricom, kampuni yenye M-Pesa, lilisema watu watume pesa nyumbani, na pesa kweli zilikuwa zikienda upande mmoja: mjini kwenda kijijini.

Lakini huduma haikuanzia hapo. Oktoba 2005, Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, mbia wa Safaricom, wakisaidiwa na ruzuku ya serikali ya Uingereza, walianza majaribio Nairobi na Thika pamoja na shirika la mikopo midogo la Faulu. Lengo lilikuwa wakopaji wa vikundi walipe marejesho kwa simu. Walilipa, ila pia walijifanyia yao. Msafiri aliweka pesa mji mmoja akazitoa mwingine ili asipande matatu na noti mfukoni. Benki zikishafungwa, wafanyabiashara walilaza humo mauzo ya siku. Wengine walilipana wao kwa wao. Faulu nao walihangaika kulinganisha hesabu za mfumo huo na vitabu vyao. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, mkopo haukuwemo. Ilibaki kuweka, kutuma, kutoa, na kununua muda wa maongezi.

Hata bei zilifuata lengo la kutuma pesa nyumbani. Kuweka kulikuwa bure. Kumtumia aliyesajiliwa kuligharimu shilingi 30, na asiyesajiliwa pia aliweza kupokea, ingawa mtumaji alilipa zaidi. Mama yangu alipokea hivyo mara ya kwanza; baba, ambaye zamani alimpa utingo wa basi bahasha na kuomba Mungu, alilalamikia ile nyongeza hadi mama akajisajili. Nadhani aliyepanga bei hizo alimjua baba.

Ofisini kwetu mambo yalikuwa tofauti. Mpango wa mwaka ulikuwa jedwali refu la vipengele: kila idara ilitia chake, na mwenye sauti kubwa alitia viwili. Tuliuita mkakati. Haukubadilika kwa siku moja. Kwanza tulianza kushinda kwa wateja wetu, wenye maduka, tukitazama daftari zao za hesabu. Kisha jedwali likatanguliwa na aya fupi: tunamhudumia nani, anakwama wapi, kwa nini atuchague sisi badala ya kalamu na daftari. Mwishowe tukaongeza orodha ya tusiyoyafanya mwaka huo, na hapo ndipo vikao vilipochemka. Watu walikubali aya bila kuisoma vizuri. Kila mstari wa orodha ile ulipiganiwa.

Katika mabishano hayo nilizoea kuwakumbusha wenzangu M-Shwari. Mkopo ulioachwa baada ya Thika ulirudi kwa jina hilo Novemba 2012, safari hii pamoja na akiba, kwa ushirikiano na Commercial Bank of Africa. Kufikia hapo watu walikuwa na mazoea ya kutunza pesa kwenye simu, mawakala walikuwa kila kona, na historia ya miamala ilitosha kukadiria nani akopeshwe kiasi gani. 

Wenzangu wa mauzo bado wanadai kila robo mwaka tuanze kutoa mikopo. Mwaka huu imebaki kwenye orodha ya tusiyoyafanya, mstari wa pili, chini ya mchezo wa bahati nasibu ambao mkurugenzi mmoja hajaukatia tamaa.