Uyoga Usiokuwepo

Mycosis fungoides si fangasi, ingawa jina lake linatutajia uyoga mara mbili. Ni saratani adimu ya chembe nyeupe za damu aina ya T, ambazo huhamia kwenye ngozi. Daktari Mfaransa Jean-Louis Alibert aliieleza mwaka 1806 baada ya kuona mgonjwa mwenye uvimbe uliochomoza kama uyoga. Yaani ugonjwa ulipewa jina kwa ukurasa wake wa mwisho. Mpaka 1870 ndipo Bazin akapanga sura tatu: mabaka bapa, mabaka yaliyoinuka, kisha uvimbe. Wanaogundulika mapema, wengi wao hawafiki sura ya tatu.

Tatizo ni hiyo sura ya kwanza. Mjomba wangu alikuwa na mabaka yaliyofifia kiunoni na makalioni, maana kwenye ngozi nyeusi ugonjwa huu mara nyingi huja hivyo, bila ule wekundu wa vitabuni. Akaambiwa utangotango. Mwingine akamgusa kwa pamba kupima ukoma. Alihisi, basi siyo. Miaka sita ya tyubu za dukani.

Alipokatwa kinyama, majibu akaniletea mimi, eti mtu wa maneno. “Mabadiliko yasiyo mahususi.” Mara ya pili: “Yanaweza kuendana na...” Mhariri wangu angeifyeka sentensi hiyo. Mimi nikaanza kuiheshimu.

Kwani mapema hivyo chembe mbaya ni chache, na zimechanganyika na zile za kawaida zinazokimbilia ngozi yoyote inayowasha. Msomaji wa hadubini anatazama mpangilio. Je, zimejipanga kwenye safu ya chini kabisa ya ngozi ya juu, kama shanga kwenye uzi, kila moja na kiduara cheupe? Zimepanda juu bila ngozi kulowa na kuvimba kama inavyokuwa kwenye pumu ya ngozi? Zilizopanda ni kubwa kuliko zilizobaki chini? Vile vikundi maarufu viitwavyo vya Pautrier (aliyeviona kwanza ni Darier, lakini majina ndivyo yalivyo) mara nyingi bado havipo. Na hakuna dalili moja inayotosha peke yake.

Daktari wa tatu alimwambia, “Mzee, acha krimu wiki nne kwanza.” Krimu za steroidi hutawanya chembe hizo, kipande kikasomeka safi wakati ugonjwa upo. Wakakata sehemu mbili. Mtaalamu wa maabara akaomba na picha za mabaka kabla ya kusaini.

Shanga zilikuwepo.

“Sasa mwanangu, uyoga wenyewe uko wapi?” mjomba aliniuliza, akijigeuza kwenye kioo.

Mara tatu kwa wiki anakwenda kusimama kwenye kisanduku cha mwanga. Nauli inamuuma kuliko kitu kingine chochote. Baka la kiunoni limeanza kurudisha rangi, kwa vitone vitone.