Kilichoondolewa Kati ya Nguzo

Katika magofu ya Ugiriki nguzo ni chache kuliko msomaji wa vitabu vya historia anavyotazamia. Kilicho kingi ni uwanja mtupu: mwamba uliokwanguliwa, misingi iliyolala chini, kokoto, majani makavu ya kiangazi, kisha nguzo mbili tatu zilizosimama peke yake. Wageni wengi huupita utupu huo wakidhani ni kazi ya muda, kana kwamba miaka 2,400 ndiyo iliyokula vyote ikasaza hivi. Nilipoanza kuzizoea njia za huko, macho yangu yalikuwa kwenye nguzo. Miaka ilivyokwenda yalihamia kwenye ule utupu, nikawa nauliza habari zake kama mtu anavyouliza habari za jengo: nani aliufanya, lini, kwa fedha za nani. Maana una tarehe. Sehemu kubwa ya utupu unaozunguka mahekalu ya Athens, Delphi na Eleusis haikuachwa na wazee wa kale wala na matetemeko ya ardhi. Ilifanywa kuanzia mwaka 1834 mpaka karne ya 20 ilipokwisha kukolea, kwa sururu, majembe na mabehewa ya kuzolea kifusi, na waliokuwa wakiishi pale waliambiwa wahame. Gofu la Kigiriki tunalolitazama leo ni kazi ya karne ya 19 sawasawa na lilivyo kazi ya karne ya 5 KK, na msafiri anayejali historia hana budi kuzisoma kazi zote mbili.

Tuanze na Parthenon, hekalu la mungu wa kike Athena juu ya mwamba wa Acropolis mjini Athens, kwa kuwa ndiyo inayotajwa kwanza na kila mtu. Ilijengwa kati ya 447 na 438 KK chini ya wasanifu Iktinos na Kallikrates, Pheidias akisimamia sanamu. Hayo hata mwanafunzi wa sekondari huyataja. Yasiyotajwa sana ni kwamba jengo hilo halikufa pamoja na dini iliyolijenga. Lilikwisha kuwa kanisa kabla ya karne ya 6 BK kumalizika, likabaki kanisa kwa karibu miaka 1,000: kwanza la Wakristo wa Mashariki, kisha, baada ya wapiganaji wa msalaba kuiteka nchi mwanzoni mwa karne ya 13, la Wakatoliki. Waosmani walipoitwaa Athens katika karne ya 15 likageuzwa msikiti, likajengewa mnara wa adhana, na msafiri Evliya Çelebi aliyefika huko karne ya 17 akalieleza kwa sifa tele. Katika muda wote huo lilikuwa na paa na milango, lilifagiliwa, na watu waliingia humo kusali. Lililolivunja ni vita, tena katika jioni moja. Tarehe 26 Septemba 1687 jeshi la Venice chini ya Francesco Morosini lilikuwa limeuzingira mwamba, na Waosmani walikuwa wameweka baruti ndani ya hekalu. Kombora likaangukia humo. Paa likaruka, nguzo za katikati zikalala chini, na watu wengi waliokuwa wamejificha ndani wakafa.

Hata hapo maisha hayakukoma juu ya mwamba ule. Msikiti mdogo ulijengwa ndani ya gofu, nyumba na bustani zikauzunguka, na familia za askari zikakaa humo. Ni katikati ya kijiji hicho mawakala wa Lord Elgin, balozi wa Uingereza kwa Waosmani, walipozishusha sanamu za Parthenon kuanzia mwaka 1801. Kikosi cha Waosmani kiliondoka mwaka 1833, na mwaka uliofuata Athens ikafanywa makao makuu ya ufalme mpya, chini ya Otto, kijana wa miaka 19 aliyeletwa kutoka Bavaria. Agosti 1834 Leo von Klenze, msanifu wa Kibavaria, alisimama mbele ya mfalme huyo katika Parthenon, akatangaza kwamba mabaki ya zama za ushenzi yataondolewa ili utukufu wa kale ung'ae. Nyumba zikaanza kubomolewa. Msikiti mdogo ukatoweka katika miaka ya 1840. Mwaka 1875 ukaangushwa Mnara wa Wafaranka, yaani wa watawala Wakatoliki waliotangulia Waosmani, uliokuwa umesimama kwenye lango la Propylaea kwa karne kadhaa ukiwa na urefu wa mita 26 hivi, na aliyelipa gharama ni Heinrich Schliemann, yuleyule aliyechimbua Troia na Mycenae. Kisha kati ya 1885 na 1890 Panagiotis Kavvadias na Georg Kawerau wakafukua udongo wote mpaka kwenye jiwe lenyewe. Mwamba mweupe usio na udongo, ambao katika picha za kalenda huonekana kama umri wenyewe wa dunia, umekuwa hivyo tangu 1890 tu.

Delphi inaonyesha jambo hilohilo kwa uchungu zaidi, kwa sababu huko kilichokuwa juu ya mahali patakatifu kilikuwa kijiji kilicho hai cha Wagiriki, Kastri. Nyumba zake zilikaa juu ya hekalu la Apollo, na mawe ya hekalu yalionekana katika kuta za wanakijiji. Baada ya mazungumzo marefu Ufaransa ilipewa haki ya kuchimbua mwaka 1891, bunge lake likatoa fedha, na kijiji kizima kikahamishiwa magharibi, umbali wa kama kilomita moja. Uchimbuaji ulianza 1892 chini ya Théophile Homolle. Wenyeji hawakukubali kirahisi. Walizuia kazi mpaka askari wakaletwa. Leo Delphi mpya ni mstari wa hoteli na maduka kando ya barabara, na mtu anayetembea kutoka huko mpaka kwenye magofu, mwendo wa dakika chache, anafuata kinyumenyume njia waliyohamia watu wa Kastri. Wachache hulijua hilo. Hata Hazina ya Waathene, jengo dogo linalopigwa picha sana kwenye mpando wa Njia Takatifu, ilisimamishwa upya kati ya 1903 na 1906. Siikosoi kazi hiyo, imefanywa kwa ustadi. Ninachosema ni kwamba anayelitazama jengo hilo anatazama vilevile uamuzi wa watu wa mwaka 1903.

Atatokea wa kuuliza: ulitaka vibaki vimefukiwa? Swali hilo lina uzito, na halijibiwi kwa huruma peke yake. Yule Mwendesha Gari la Farasi wa shaba wa Delphi, mojawapo ya sanamu chache kubwa za shaba zilizosalia kutoka karne ya 5 KK, alipatikana 1896 kwa sababu kijiji kilikuwa kimeondolewa. Juu ya Acropolis, mwaka 1886, wachimbuzi walitoa shimoni sanamu 14 za wasichana zilizozikwa na Waathene baada ya Waajemi kuuchoma mji mwaka 480 KK, baadhi zikiwa na rangi zake bado. Bila sanamu hizo pengine tungeendelea kuamini kwamba Wagiriki walipenda marumaru meupe matupu. Nakubali, basi, kwamba kuchimba kulituongezea elimu. Lakini kuchimba ni jambo moja, na kusafisha kwa ajili ya sura ni jingine. Mnara wa Wafaranka haukuangushwa kwa sababu kuna swali la kitaalamu lililohitaji jibu. Uliangushwa kwa kuwa ulionekana kuharibu mandhari, na haukuandikiwa kumbukumbu zinazostahili jengo la umri ule. Tofauti inaonekana katika Agora ya Athens, uwanja wake wa kale wa soko, ambako Wamarekani walianza kuchimba mwaka 1931. Nako mtaa mzima, Vrysaki, ulibomolewa, mamia ya nyumba. Hata hivyo kanisa la Mitume Watakatifu, la karibu mwaka 1000, liliachwa pale lilipo, na picha za mtaa uliobomolewa zilihifadhiwa. Kanisa hilo dogo halimzuii mtu kuielewa Agora. Linamwonyesha kwamba Athens iliendelea kuwa mji baada ya wanafalsafa wake kufa.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nami naiheshimu. Wagiriki walikuwa wametoka kwenye vita vya uhuru vilivyoanza 1821, vilivyomwaga damu nyingi. Ni nani wa kuwaambia waihifadhi misikiti ya watawala wao na minara ya watawala waliotangulia? Taifa changa lilihitaji uso, likauchagua wa Pericles, kiongozi wa Athens wakati Parthenon inajengwa. Ningeinyamazia hoja hii kama kilichoondolewa kingekuwa cha watawala tu. Sivyo ilivyokuwa. Alama za kanisa ndani ya Parthenon ziliondoka pamoja na alama za msikiti, ingawa mababu wa Wagiriki haohao walisali humo muda unaokaribia kulingana na ule waliomtolea Athena sadaka. Waliohamishwa Kastri hawakuwa Waturuki. Tena aliyeutangaza usafi ule mwaka 1834 alikuwa mtu wa München, akimwambia mfalme wa Kibavaria kwa lugha ya Kijerumani jinsi Ugiriki ya kweli inavyopasa kuonekana. Uhuru ulikuwa wa Wagiriki. Macho yaliyochagua nini kibaki yalikuwa kwa sehemu kubwa ya watu waliojifunza Ugiriki vitabuni, kaskazini ya milima ya Alpi.

Ndiyo sababu nimeshikilia kutembea. Basi la watalii humtoa mtu kwenye uwanja mtupu mmoja na kumshusha kwenye mwingine, na katikati hulala. Zile karne zilizoondolewa ndani ya nyua za magofu zimebaki njiani. Njia Takatifu kutoka Kerameikos, Athens, mpaka Eleusis, kama kilomita 20, ndiyo ninayoipenda kuliko zote, ingawa hakuna atakayeiita nzuri. Kila mwaka, mwezi Septemba, maandamano ya waliokwenda kuingizwa katika siri za Demeter, mungu wa kike wa nafaka, yaliifuata; leo jina lake bado ni Iera Odos, nayo ina gereji, maduka ya vipuri na malori. Baada ya kitongoji cha Haidari kuna monasteri ya Daphni, yenye picha za vigae vya rangi za karne ya 11, iliyojengwa palipokuwa na hekalu la Apollo. Mbele zaidi ni bahari, matangi na viwanda vya kusafishia mafuta, kisha Elefsina, ndiyo Eleusis ya leo, mji uliopata kiwanda cha saruji mwaka 1902 na uliopokea wakimbizi Wagiriki kutoka Asia Ndogo baada ya 1922. Mtu anayesema njia hiyo imeharibika ana haki yake. Mimi naona ni sehemu pekee ambako miaka 2,500 imeachwa ifuatane bila mtu kukata vipande asivyovipenda.

Eleusis yenyewe ina kisa kinachostahili kujulikana zaidi. Mpaka mwaka 1801 palikuwa na kipande cha sanamu kubwa ya mwanamke aliyebeba kikapu kichwani, nusu yake imefukiwa, na wanakijiji walikirundikia samadi wakiamini kwamba ndicho kinachoyapa mashamba yao mavuno. Edward Daniel Clarke wa Cambridge alipata ruhusa ya mtawala wa Kiosmani na akakichukua, wenyeji wakimpinga na kumwonya. Meli iliyokibeba ilizama karibu na pwani ya Uingereza. Sanamu ikaopolewa, na sasa imo katika jumba la makumbusho la Fitzwilliam. Clarke alidhani anaokoa mabaki ya ibada iliyokufa. Lakini pale shambani ilikuwa hai kwa namna yake: wakulima Wakristo, zaidi ya miaka 1,400 baada ya hekalu la Demeter kufungwa, bado walikuwa wakimpa mwanamke wa jiwe heshima kwa ajili ya ngano. Hakuna kabati la makumbusho linaloweza kuonyesha jambo hilo.

Yupo pia wa kusema kwamba kila msafiri huchagua, na kwamba hata Pausanias alichagua. Ni kweli. Katika karne ya 2 BK aliizunguka Ugiriki na kuandika vitabu 10, akishughulika na vya kale na kuvipita kimya vingi vya karibu na zama zake. Mgiriki mwingine asiyejulikana jina, aliyeandika karne moja kabla yake juu ya safari za Bahari ya Shamu na pwani ya Azania, pwani yetu, alijali walio hai: bandari ya Rhapta ina nani, inauza nini. Lakini Pausanias, pamoja na upendeleo wake, alisikiliza walichosimulia wenyeji na kukiandika, na alichokipita alikiacha kimesimama. Kupita si kubomoa.

Inafaa tukumbuke pia kwamba hekalu lililosalia zima kuliko yote Athens, la Hephaistos juu ya Agora, lilisalia kwa kuwa lilikuwa kanisa la Mtakatifu George mpaka miaka ya 1830. Matumizi yalilihifadhi kuliko heshima. Na kuanzia 1954 mpaka 1957 msanifu Dimitris Pikionis, alipotengeneza njia za miguu chini ya Acropolis na kwenye kilima cha Philopappos, alizitandaza kwa vipande vya marumaru na vigae vya nyumba za karne ya 19 zilizokuwa zikibomolewa mjini. Kwangu hiyo ndiyo kazi ya heshima kuliko zote iliyofanywa kando ya mwamba ule katika karne mbili hizi, na maelfu huikanyaga kila siku wakiharakisha kwenda kukata tiketi.

Ukifika Athens, usiharakishe. Siku ya kwanza shika Iera Odos kutoka Kerameikos, walau mpaka Daphni. Siku ya pili panda kwa njia za Pikionis ukiwa na picha ya Acropolis iliyopigwa kabla ya 1875, simama mbele ya Propylaea, na utafute upande wa kusini mahali ulipokuwa ule mnara.