Lori Nililolivunja kwa Ulimi



Wiki hii sitaandika juu ya mirathi wala adabu za ndoa, ingawa maswali yenu yamenifikia na yatajibiwa in shaa Allah. Nina deni, na deni la neno lililotamkwa mbele ya watu hulipwa mbele ya watu.

Miaka miwili iliyopita, katika darsa baina ya Magharibi na Isha, nilikuwa nikizungumza juu ya thamani ya wakati. Nikataka mfano ulio karibu. Siku chache nyuma nilikuwa nimepita kichochoroni nikamwona kijana wa miaka 16 ameketi barazani kwao, amezungukwa na vipande vya mbao na bati, akiunda lori dogo. Sikusimama wala sikumuuliza neno. Basi siku ile ya darsa nikasema kwamba mtu aliyekwisha kubaleghe, ambaye amali zake zinaandikwa, kisha akawa bado anaunda vigari, huyo anauza umri wake kwa bei ya takataka. Watu wakacheka. Nami, Allah anisamehe, nilifurahi walipocheka.

Babake yule kijana alikuwa ameketi safu ya pili. Ni dereva wa malori ya masafa. Hubeba mizigo kutoka bandari ya Mombasa hadi Malaba, na nyumbani kwake hulala siku chache tu kwa mwezi. Usiku ule alirudi, akalichukua lile lori, akalipiga kwenye sakafu ya saruji uani, kisha akalikanyaga. Kesho yake baada ya Alfajiri alinishika mkono akaniambia, "Sheikh, nimetekeleza." Nikamjibu, "Jazaka Allahu khayran."

Yakapita majuma matatu. Mamake yule kijana alikuja nyumbani, akaketi na mke wangu, kisha akaomba niitwe. Alikuwa na kikapu.

"Sheikh," akasema, "mtoto anaswali, anakwenda skuli, hapazi sauti. Lakini babake akiingia, yeye hutoka. Hawajala sinia moja tangu usiku ule." Akavimimina vilivyokuwamo kikapuni juu ya mkeka. "Na hili, sheikh, ni lori la babake. Alikuwa akimuundia yeye."

Nilikishika kichwa cha lile lori, upande mmoja umebonyea. Kilikuwa cha plaiwudi nyembamba iliyovikwa bati la kopo la mafuta ya kupikia. Mlango mmoja ulikuwa bado unafunguka na kufungika kwa bawaba za pini. Springi zilikuwa za vipande vya ule utepe wa chuma unaofungia mizigo bandarini, vitano vitano, kila kimoja kifupi kuliko kilicho juu yake, kama zilivyo springi za kweli. Magurudumu yalikatwa katika ndala kuukuu, yakagandishwa tabaka juu ya tabaka, yakapigwa msasa hadi yakawa duara timamu. Turubai lilikuwa kitambaa cha mwavuli, limefungwa kamba kwa fundo lile lile wanalofunga mataniboi.

Pamoja na vipande hivyo mlikuwa na daftari. Yule kijana alikuwa amelipima lori la babake siku zilizokuwa limeegeshwa, kwa futikamba ya mamake, ambaye ni mshoni. Urefu futi 26. Akaandika pembeni, inchi 13. Upana futi 8, inchi 4. Gurudumu inchi 40. Inchi moja na thuluthi mbili. Kwa kila futi ya lori la kweli alikuwa amechukua nusu inchi, na kwa kuwa futi moja ina nusu inchi 24, kila kitu kilikuwa kimepunguzwa mara 24 sawasawa. Kurasa kumi na moja zilijaa hesabu za namna hiyo.

Ndugu zangu, mimi nasomesha elimu ya faraidh. Mtu akifa akaacha mke, mama na watoto, mke ana thumuni na mama ana sudusi, na asili ya masala ni 24: mke hupata mafungu matatu, na mama manne. Nina wanafunzi wazima ambao nimewafundisha mgao huo mwaka mzima, na hadi leo thuluthi mbili huwatoa jasho. Huyu niliyemwita muuza umri alikuwa akifanya hesabu hiyo hiyo peke yake barazani, bila ya mwalimu, wala hakuna aliyemsifu.

Nikakumbuka jambo nililokuwa nimelisahau kwa miaka mingi. Nami niliunda magari. Utotoni mwangu hapakuwa na mtoto wa mtaa wetu asiyekuwa na gari la waya, magurudumu yake ni mikebe ya rangi ya viatu, na usukani wake umetiwa kwenye mti mrefu ili uliendeshe huku umesimama. Siku moja nilikwenda nalo hadi chuoni. Mwalimu wangu, Allah amrehemu, ambaye bakora yake tuliijua sote, alilitazama, akazungusha usukani kuona kama magurudumu yanafuata, kisha akaniambia, "Liegeshe hapo penye viatu. Litakungoja." Nikaingia nikasoma. Lile gari liliningoja. Yeye alipata nafasi ya kulivunja, wala hakulivunja.

Nilirudi vitabuni. Mas'ala ya picha hayaingii hapa, kwani gari halina roho, na Ibn Abbas, radhiya Allahu anhuma, alipojiwa na mtu aliyekuwa akipata riziki yake kwa kuchora, alimwelekeza kwenye miti na visivyo na roho. Lakini lililonifedhehesha zaidi ni Hadithi aliyoipokea Abu Daud, ya Bibi Aisha, radhiya Allahu anha, na vitu vyake vya kuchezea. Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, alirudi kutoka vitani, upepo ukafunua pazia, akaviona. Kumbukeni alilolifanya kwanza: aliuliza. Aliuliza ni nini hivi. Akaona baina yao farasi, akauliza ni nini hiki. Akauliza ni nini kilicho juu yake, akaambiwa mbawa, naye akastaajabia farasi mwenye mbawa. Bibi Aisha akamkumbusha farasi wa Nabii Sulaiman, na Mtume akacheka hadi magego yake yakaonekana. Aliyekuwa na mzigo wa umma mzima mabegani alipata wakati wa kuuliza hayo. Mimi nilipita kichochoroni sikuuliza hata moja.

Tena sisi watu wa pwani tuna hoja gani? Mafundi wa Lamu huchonga majahazi madogo, yenye foromali na tanga na kila ubao wake, nasi tukiyaona tunasema huu ndio urithi wetu. Kijana wa leo hakukulia kwenye jahazi. Amekulia kando ya barabara kuu, na chombo kinachomlisha ni lori. Akilichonga hilo kwa uangalifu ule ule, kwa nini iwe ni upuuzi?

Basi nikaenda. Nilianza kwa baba, nikamwambia kwamba kosa ni langu, kwani nilihukumu nisilolijua, naye akanyamaza. Kisha nikamwomba radhi kijana. Akasema, "Sawa, sheikh," macho yake chini. Nikamwambia, "Mwanangu, nionyeshe unavyofanya." Akanijibu kwa upole, "La kuonyesha halipo tena, sheikh." Sikuwa na jibu. Baada ya muda nikasema, "Basi nifundishe."

Tukawa twakutana kila Alhamisi baada ya Isha, barazani kwao. Mimi nilishika msasa na msumeno mwembamba, na mara nyingi zaidi nilishika taa. Hapo ndipo alipoanza kunisimulia. Kwamba ulimwenguni kote kuna watu wazima wanaounda magari ya namna hii, na kipimo alichokichagua yeye kwa sababu ya futikamba ya mamake, cha moja kwa 24, ni miongoni mwa vipimo wanavyovitumia sana. Kwamba kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilianza mwaka 1946 kama biashara ya mbao, ikaunda vigari na vijimeli vya mbao kabla ya kuingia katika plastiki. Kwamba huko Marekani kampuni ya AMT ilianza mwaka 1958 kuuza visanduku vya vipande ambavyo mnunuzi angeweza kuviunganisha kwa namna tatu: gari kama lilivyotoka kiwandani, gari lililorembwa apendavyo mwenyewe, au gari la mashindano. Na kwamba Jack Odell, fundi wa London, alimuundia bintiye gari dogo la kushindilia barabara, kwa kuwa skuli ya mtoto huyo iliruhusu tu vitu vya kuchezea vinavyoenea ndani ya kibiriti; na kutokana na hilo yakaja magari ya Matchbox mwaka 1953. Nilicheka niliposikia hilo. Mwalimu mwingine tena, asiyevunja, bali aliyeweka mpaka tu.

Nilijifunza pia kwamba kazi hii haina njia ya mkato. Mara ya kwanza nilipopewa brashi nilipaka rangi nzito ili tumalize, ikachuruzika mlangoni kama machozi. Kijana akaikwangua yote, akasema, "Tabaka nyembamba, sheikh, kisha tunangoja ikauke." Tukangoja Alhamisi tatu kwa mlango mmoja. Mwisho alifanya jambo lililonishangaza: lori likiwa linang'aa, alileta udongo mwekundu wa Voi ambao babake huja nao kwenye matairi, akauchunga kwa kitambaa, akaupaka kwa brashi kavu chini ya madigadi na nyuma ya magurudumu. Lori likazeeka mbele ya macho yangu. Likawa limetoka safari.

Usiku mmoja baba alikuwa amerudi kutoka Malaba. Alikuwa na desturi ya kutupita akaingia ndani. Usiku ule alisimama mlangoni muda mrefu, kisha akasema, "Bampa ya mbele ina bonde upande wa kushoto. Niliigonga Mtito Andei."

Kijana hakuinua uso. "Najua, Baba. Sikulitia kusudi."

"Kwa nini?"

"Nilitaka lako liwe zima."

Yule bwana akakaa kimya. Kisha akavua viatu, akachuchumaa mkekani pamoja nasi, akasema, "Litie. Ndilo lori langu hilo." Nikaaga mapema usiku ule. Baadaye mamake alimwambia mke wangu kwamba walikula pamoja.

Sidai kwamba yote yamekwisha. Lile lori la kwanza halikurudi, na vipande vyake kijana anavyo bado kikapuni, hakuvitupa. Kuna mambo ambayo mtu husamehe na bado akayahifadhi, nasi hatuna haki ya kumwambia ayatupe.

Kwa hiyo kauli yangu ya siku ile naifuta mbele yenu. Kuunda magari madogo ni halali na ni kazi ya mkono yenye elimu ndani yake, maadamu swala haipitwi na wakati wake, masomo hayaachwi, na pesa hazimwagwi kwa israfu. Kwani visanduku vinavyoletwa kutoka ng'ambo ni ghali, na mbao, bati na ndala kuukuu zatosha kuanzia. Wazazi waangalie wembe na msumeno kwa wadogo, na rangi na thina zitumiwe penye hewa. Na atakayenisikia tena nikihukumu jambo la watoto wenu kabla ya kuliuliza, anishike mkono baada ya swala anikumbushe.

Nanyi wazazi wenzangu, usiku huu mkimkuta mtoto ameinamia kitu chake kidogo, ketini karibu naye mumuulize ni nini. Kisha ngojeni jibu.

Twamwomba Allah atughufirie yaliyotoka ndimini mwetu, awahifadhi madereva wetu walio barabarani na awarejeshe salama kwa watoto wao. Amin.

Wabillahi tawfiq.